Ukili wa Mashoto

Nyumba ya mama ina vyumba saba na mtu mmoja, ambaye ni mimi. Nilirudi humo mwaka wa pili baada ya yeye kufariki, nikitoka Mombasa na masanduku mawili na talaka moja. Mtaani kwetu Langoni nyumba zimebanana hata jirani akikohoa unaweza kumwambia pole bila kuondoka kitandani. Lakini kukaribiana kwa kuta si kukaribiana kwa watu. Wasichana niliowaacha wadogo sasa ni mama wa watu, wananiita Bi kwa heshima nyingi, na heshima ikizidi hakuna anayebisha hodi. Nikipika wali napima kikombe kimoja, na asubuhi bado kuna kiporo.

Nilikwenda kufundisha hesabu katika shule ndogo ya jirani kwa sababu ya ule ukimya. Wenzangu husema waliitwa na kazi. Mimi sikuitwa na mtu, nilikwenda mwenyewe kubisha mlango.

Shule yenyewe ni nyumba kongwe, mitaa miwili kutoka kwangu. Wazazi kadhaa waliona watoto wao wanakariri mambo wasiyowahi kuyashika mkononi, wakaikodi, wakatafuta walimu. Watoto ni thelathini na kidogo. Asubuhi ni vitabu, na baada ya adhuhuri ni mikono. Siku moja huja fundi wa chokaa, watoto wakaziba nyufa za ukuta wa darasa lao wenyewe na kurudi makwao weupe kama waliogea unga. Siku nyingine huwa jikoni. Mimi nilifundisha duara kwa kupima sinia, na mtihani ulikuwa kuigawa mikate ya sinia bila mtu kunung'unika. Saa saba wote huketi chini kula, saba saba kwa kila sinia, mwalimu mkuu, mpishi na mlinzi wakiwa humo humo. Siku ya kwanza nilisogezewa nafasi, nikala, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi sikuisikia sauti ya kutafuna kwangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ya kuipoteza nafasi ile.

Hofu yenyewe haikuchelewa kupata sababu. Chumba cha kuswalia, kule juu, kilikuwa na mkeka wa plastiki uliochanika. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye haraka hata akiwa amekaa, alitangaza kwamba hatutanunua mwingine. Tutasuka wenyewe. Kila mtu wa shule, mkubwa kwa mdogo, atatoa ukili wa pima moja, utepe uliosukwa kwa mkindu, na kili zote zitashonwa pamoja kuwa mkeka mmoja.

"Asiye na ukili wake humo ataswali kwenye saruji," alisema.

Wote walicheka isipokuwa mimi.

Mimi ni mashoto. Hilo halikujulikana na mtu, kwani naandika kwa mkono wa kulia, nakula kwa kulia na hata kuchota maji nachota kwa kulia. Mama alihakikisha. Nikiwa mdogo aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa leso wakati wa kula, na akina mama waliouliza aliwajibu samaki mkunje angali mbichi. Nilikunjika katika kila jambo isipokuwa ukili. Ukili una chane nyingi, zile nyuzi pana za majani ya mkindu, na vidole huzipandisha na kuzishusha bila kuuliza akili. Vidole vyangu vilianzia kushoto. Ukili wangu ulitoka mzuri, umebana, ila mshazari wake uliegemea upande usio wa wengine. Ukiulaza kando ya ukili wa mtu mwingine, inaonekana hata na asiyejua kusuka kwamba hizi mbili zimenuniana.

Mama aliuona mara moja tu. Aliutazama, akautazama mlango kama uko wazi, akasema, "Huu tutafungia mzigo wa punda." Na kweli ulifungia mzigo wa punda.

Yeye mwenyewe alikuwa msusi wa kusifika. Akina mama wa mtaa walikaa kwetu ukumbini, kila mmoja na ukili wake, wakisuka na kusengenya. Mama hakusuka nao. Alisukia chumbani mwake, mlango umefungwa, akatoka na ukili uliokwisha, ndipo akaketi nao kushona. Alisema kelele humchanganya. Nilipoolewa, mikeka ya chumbani mwangu iliagizwa kwa msusi wa Kizingitini, na wakwe zangu wakaambiwa ni kazi ya mikono ya bibi arusi. Waliikunjua, wakaipapasa, wakanisifu. Nimeishi na sifa ile miaka kumi na minane, na kila nilipolalia mkeka ule nilijiona mgeni wa mtu.

Basi Jumatano za kusuka zikaanza. Aliyekuja kufundisha alikuwa shoga yake mama, mwanamke mfupi mwenye mdomo mwekundu wa tambuu, asiyekuwa na subira na mtu yeyote wa umri wowote. Watoto walimwita Bibi wa Ukili. Mimi alinitambua siku ya kwanza.

"We ni mwana wa mwenzangu," alisema. "Tutaona kama mikono ni ya mamako."

Sikuweza kulala vizuri kwa neno lile. Shuleni nilisuka kwa mkono wa kulia, na ukili wangu ukatoka na matundu ambayo panya angepita bila kuinama. Bibi aliufumua mara mbili bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa tusi kubwa. Nyumbani nilifunga mlango wa chumba changu, ingawa nyumba nzima haikuwa na mtu wa kumfungia mlango, nikasuka kwa kushoto. Ulishuka mikononi kama maji. Sijui nilikuwa nikiusuka kwa nia gani. Nilijua haungeingia katika mkeka.

Na sasa nieleze kosa langu, maana nisipolisema mapema nitatafuta njia ya kulikwepa. Katika darasa la nne alikuwemo msichana hodari wa hesabu, mwepesi wa kucheka, wa kwanza kufika Jumatano. Nikipita nyuma yake niliona chane zake zinaanzia kushoto. Sikufikiri. Niliinama, nikazihamisha chane kutoka mkono huu hadi ule, polepole, kwa upole wote wa mwalimu mwema.

"Mkono wa kulia, mama," nikamwambia.

Alinitazama, akasema, "Sawa, ticha."

Jumatano iliyofuata ukili wake ulikuwa na matundu kama wangu. Iliyofuata hakuja na ukili kabisa. Nilimkuta ameketi juu ya mikono yake.

"Uko wapi ukili wako?"

"Mimi sijui kusuka, ticha. Mimi nitaswali tu kwa saruji."

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa naiona sura yangu mwenyewe ikiwa na miaka kumi, na mkono uliomfunga haukuwa wa mama. Ulikuwa wangu. Niliona aibu hata masikio yakawaka. Ningeweza kumnong'oneza neno zuri kisha niende zangu. Lakini mkobani mwangu mlikuwa na ule ukili wa nyumbani, nilioubeba kila siku bila sababu, na kama nisingeutoa saa ile nisingeutoa tena maisha.

Nikaketi chini kando yake, nikautoa, nikaanza kusuka kwa kushoto mbele ya shule nzima.

Mtoto mmoja akapasua kicheko. "Ticha ni mashoto! Cheki mkono yake!" Wakacheka wote. Msichana yule hakucheka. Aliitoa mikono yake chini yake.

Kicheko kilimleta Bibi. Aliuchukua ukili wangu bila kuomba, akaulaza kando ya kili za watoto zilizokuwa tayari kushonwa. Ukanuniana nazo kama nilivyojua. Nikangoja punda atajwe. Kwa umri wangu na vitabu vyangu, nilikuwa nikingoja kama mtoto kuambiwa mahali pangu ni wapi.

Bibi akatema tambuu kwenye kopo lake. Akaushika ukili huku na huku, akaupindua, mgongo ukawa juu na uso ukawa chini.

Mshazari ukalingana. Ukili uliegemea kule kule wanakoegemea wenzake.

"Ndoo nao wembe," akamwambia mtoto wa karibu, naye akakimbia kuuleta. Kwenye mgongo wa ukili huwa na ncha ndogo ndogo pale chane mpya zinapoungwa, na sasa ncha hizo zilikuwa juu. Bibi alizipunguza moja moja, akapitisha kiganja, akaridhika. "Wa mashoto hushonwa kwa mgongo." Akawageukia waliokuwa wakicheka. "Mnateka nini? Hamkupata kuona mtu?"

Kisha akaupima kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa, pima moja, akakata kilichozidi na kunitupia mapajani. Msichana yule alikuwa keshakwenda kutafuta chane.

Nilipaswa kufurahi, na kwa muda nilifurahi. Halafu swali likaja.

"Bibi," nikasema, "mama alikuwa akiijua njia hii?"

"Mamako?" Alinitazama kama niliyeuliza kama bahari ina chumvi. "Mamako ndiye alonifunda. Mimi kabula yake nalikitupa kili za watu."

"Naye aliijuaje?"

"Hayo sikumuuliza. Mamako hakuwa mtu wa kuulizwa."

Nilirudi nyumbani baada ya alasiri na kile kipande mkononi, na hasira niliyokuwa nayo sikuwahi kuwa nayo hata siku ya talaka. Alijua. Alijua kwamba ni kupindua tu, kupindua na wembe, na wangu akaupeleka kwa punda. Nilimkasirikia marehemu kwa sauti, peke yangu ukumbini.

Mkeka wake wa kuswalia ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wa chumba chake, umekunjwa, tangu alipofariki. Sikuwa nimeugusa. Nilisema ni kwa heshima, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kukuta una harufu yake, na niliogopa zaidi kukuta hauna. Katika mkeka ule hakusaidiwa na mtu. Aliusuka mwenyewe chumbani kwa miezi, akaushona mwenyewe, na hakuna aliyeswalia juu yake isipokuwa yeye. Siku hiyo niliutoa nikauchukua juu darini kwenye mwanga. Nitasema nilichokuwa nikitafuta: nilitafuta ukili mmoja tu uliopinduliwa. Nilifikiri labda aliushona humo ule wangu wa utotoni kwa siri, labda wa punda ulikuwa mwingine. Mtu mzima hujidanganya kwa ustadi.

Niliukunjua. Nilipitisha kiganja toka pindo hadi pindo. Ncha zilizokatwa kwa wembe hazikuwepo popote. Kili zote zilikuwa uso juu, laini, mkono mmoja mwanzo hadi mwisho. Wangu haukuwemo.

Nikakaa kitako pembeni mwake. Kipande changu kilikuwa bado mkononi, nikakiweka juu ya mkeka kwa kuwa sikuwa na pengine pa kukiweka. Kilikaa uso juu, kando ya ukili wa mama, nami nikakitazama muda mrefu kabla ya kuelewa kwa nini nakitazama.

Hakikununa. Mshazari wake na mshazari wa mkeka mzima uliegemea upande mmoja.

Nilikisogeza hadi ukili mwingine, kisha mwingine, kisha pindo la mbali. Nikashuka mbio, nikapekua sandukuni nikatoa pepeo alilosukiwa mama na jirani, nikapanda tena nikalilaza hapo. Hilo ndilo lililonuna.

Basi ndiyo sababu ya mlango kufungwa, na kili zilizotoka chumbani zikiwa zimekwisha. Ndiyo sababu aliijua dawa ya kupindua, maana aliitumia kila Mungu alipoleta mkeka wa kushona na wenzake. Alikula kwa kulia mbele yangu miaka yote, nami nilikula kwa kulia mbele yake. Mkeka huu mmoja tu aliusuka jinsi mikono yake ilivyotaka, akauswalia peke yake, akaukunja, akausimamisha nyuma ya mlango.

Hasira haikuondoka. Ilibaki, ila sasa ilikuwa na huruma kando yake, na viwili hivyo vimekaa pamoja nami hadi leo. Tulikuwa mashoto wawili katika nyumba ya vyumba saba, kila mmoja chumbani mwake, na mlango umefungwa.

Mkeka wa shule ulikwisha wiki chache baadaye. Wangu ni wa tano kutoka kibla, wa msichana yule ni wa sita, zote mbili zimeshonwa kwa mgongo, na ukiswali pale unahisi ukwaruzi kidogo kwenye paji la uso. Watoto hugombania nafasi hiyo. Nyumbani naswalia mkeka wa mama. Chumba chake nimekiacha mlango wazi, ingawa hakuna anayepita.