Mti wa Ai Saeng

Kwa Wabulang, watu wa milima ya chai, mtu kuzikwa si mwisho wa shughuli. Majani ya kwanza ya masika yakichipua, watu wa nyumba yake hupanda msituni wakachuma kwenye mti wa chai uliokuwa wake mwenyewe, na chai hiyo hupelekwa hekaluni ili thawabu imfikie marehemu. Chai ya mti mwingine haimfikii. Thawabu yake humwendea mwenye mti.

Ndiyo maana Yi Mol, mjane wa Ai Saeng, alijitwika kikapu mgongoni asubuhi ile akaukwea mlima. Nyuma yake wifi yake, Yi Kanla, alikuwa akihema na kulalamika.

"Kaka yangu naye! Wenzake wana miti karibu na nyumba, yeye kajichagulia jitu la porini. Utadhani alikuwa anaoa nyani."

"Alinioa mimi, wifi."

"Si ndiyo nasema!"

Yi Mol alicheka, kisha akaona haya. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

Ai Saeng alilelewa hekaluni, mtawa mdogo mwenye sauti nzuri ya kusoma sala. Baba yake alipofariki alivua joho, akarudi kumlea huyu Yi Kanla na wadogo zake wengine. Hakupata mali, wala hakuwa mtu wa maneno. Kila masika alikwenda peke yake kwenye miti mikongwe ya mwitu, ambayo haikupandwa na mkono wa mtu. Alifunga mianzi kwenye shina la ule wake ikawa ngazi, akauomba mti radhi, ndipo akapanda peku. Mkewe akitaka kumfuata, alimwambia, "Magoti yako hayo, mama. Kaa unichemshie maji."

Masika yaliyopita alirudi na kikapu chepesi. "Mti umechoka," alisema, asiongeze neno. Mwaka ule aliezeka upya paa la jiko, akapatana na binamu yake waliyenuniana naye tangu ujana, na akawa anakawia hekaluni hata chakula kikapoa. Yi Mol alidhani ni uzee. Baridi ilipokaribia kwisha, kifua kilimbana, akafariki.

Waliutambua mti kwa mianzi yake, iliyofungwa kwa mafundo aliyoyapenda yeye. Yi Mol aliinua macho kutafuta majani. Hakukuwa na hata moja. Aligusa gome, likamjia mkononi kama mkate mkavu, na ndani mchwa walikuwa wamekwisha kujenga. Mti huo haukufa jana. Chini yake, mabaki ya mishumaa ya nta kama ile ya hekaluni yalikuwa yamerundikana, mapya juu ya makuukuu.

Wote wawili walilijua lisemwalo kijijini: mti wa mtu ukifa, mwenyewe hakawii.

"Alijua," Yi Mol alisema. "Mwaka mzima tunakula sahani moja, na alijua."

"Angekwambia ungefanya nini? Ungelia mwaka mzima."

"Ningelia naye."

Yi Kanla alifuta pua kwa ukosi wa nguo, akaonyesha mti wa jirani uliojaa machipukizi. "Chuma pale, twende zetu. Mtawa atajuaje?"

"Ule ni wa mzee Ai Tuop. Nikipeleka chai yake, thawabu itamwendea yeye, naye bado anakunywa pombe yake kila jioni."

"Basi kaka yangu aende mikono mitupu?"

Yi Mol aliweka tonge la wali shinani, akauambia mti kwamba mwenyewe amekwisha kuondoka, usimngoje. Kisha wakateremka.

Alasiri aliweka birika mbele ya mtawa. Mtawa alifunua kifuniko, akaona maji matupu.

"Chai iko wapi, mama?"

"Mti ulimtangulia, baba."

Mtawa alimtazama, akarudisha kifuniko. Alilitaja jina la Ai Saeng, akaanza kuyamimina maji kidogo kidogo kama yangekuwa chai, huku akisoma. Yi Kanla alikuwa amepiga magoti kando.

Yi Mol alitaka kuamini kwamba maji nayo hufika. Aliinama hadi paji la uso likagusa sakafu, akamwomba Buddha amwonyeshe mumewe njia, na sala ilipokwisha hakuinuka, akaendelea kuomba.