Uzi wa Kiunoni mwa Minza

Bado naikumbuka, mwanangu, Jumatatu ile niliposhika mkasi nikakata uzi wa kiunoni mwa mtoto wa watu. Nilikuwa kijana, nimerudi Kilosa kutoka Dar es Salaam na diploma ya malezi niliyoisomea kwa kufua nguo za watu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilipanga vyumba viwili Mabwerebwere, nikafungua kituo cha kulelea watoto mchana, na diploma nikaitundika ukutani mkabala na mlango, ili mzazi aione kabla hajaniona mimi.

Siku hiyo nilikuwa namwogesha Minza, mtoto wa miezi tisa wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Uzi wake ulikuwa mweusi, wenye shanga tatu. Mimi nikaona uchafu na ushirikina. Nikakata, nikatupa, na jioni nikamweleza mama yake kwa majivuno. Akambeba mwanawe, akaondoka. Kesho yake Minza hakuja, wala watoto wengine wanne wa wafugaji. Nilibaki na watatu, na kwa watatu kituo kisingefika mwisho wa mwezi.

Siku ya tatu akaja bibi yake Minza, kwa miguu kutoka Masanze. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaitazama diploma yangu kwa muda mrefu.

"Hapo pameandikwa ukate?" akauliza.

Nikamweleza habari za usafi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu, wewe una mizani ya kliniki. Mimi mizani yangu ni ule uzi. Ukimbana, najua amenenepa, naulegeza. Ukining'inia, najua mjukuu wangu anaisha. Miezi tisa nampima, wewe umenitupia jalalani. Ungeuliza, ningekwambia kwamba nao unafuliwa."

 Nikamwomba radhi, nikamsihi amlete mtoto, afunge uzi mpya mbele ya akina mama wote. Akakubali, ila akataka nimkabidhi mkasi kwanza. Nikamkabidhi.

Wiki chache baadaye, nikimwogesha Minza, niliona uzi umeshuka mpaka kwenye nyonga. Tarehe ya kliniki ilikuwa bado. Nikaenda naye siku hiyo hiyo, mimi na mama yake. Muuguzi akakuta uzito umepungua. Akatibiwa, akapona. Wale wanne wakarudi, tena na wenzao.

Tangu hapo siandiki jina la mtoto kabla sijamuuliza mzazi: nyumbani mnamleaje? Mama mmoja wa Chanzuru alitaka mwanawe afundishwe kula kwa mkono wa kulia, nikamfundisha. Baba mmoja alitaka mwanawe achapwe. Nikamkatalia, lakini baada ya kumkalisha na kusikia anachokiogopa.

Leo nina majengo matatu na tawi Mikumi, na wenye diploma mpya kama wewe wanatumwa kujifunza kwangu. Najisifu, ndiyo, nimeyatolea jasho. Lakini kilichonijaza kifua ni mwezi uliopita, Minza aliponiletea mwanawe wa kwanza, uzi kiunoni.

"Bibi amesema niulize kwanza, mkasi uko wapi?"

Nikamwambia anao bibi mwenyewe tangu siku ile. Tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Basi, mwanangu, elimu yako ibebe wala usiifiche. Ila kabla hujagusa kitu ambacho mzazi amemvika mwanawe, uliza kina kazi gani, usikilize jibu mpaka mwisho. La kukataa likataliwe baada ya hapo. Mungu akupe mikono ambayo mama yeyote ataiachia mwanawe, aende zake bila kugeuka nyuma.