Sahani ya Kijani Kwenye Chai ya Jirani

Mwezi uliopita nilikuwa Arusha kwa shughuli za kazi, nikakaa bustanini kunywa chai. Mbele yangu vijana walikuwa wanacheza mchezo wa kurusha visahani vya plastiki kuelekea kwenye vikapu vya minyororo. Kisahani kimoja kikapotelea kwenye ua wa maua. Mwenyewe akakitafuta kidogo, dakika moja haikufika, akarudi kwenye begi lake akatoa kingine. Mchezo ukaendelea. Nilitamani kunyanyuka niwafokee. Kwetu Kawetele, kule Tukuyu, sahani ikipotea tulikuwa hatuendi nyumbani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wakati marobota ya mitumba yalipoanza kufika Tukuyu na kila siku ya soko watu walirudi na kitu kisichojulikana matumizi yake. Siku moja mwalimu wetu wa darasa la sita alikuja shuleni na sahani tatu za plastiki, nyekundu, njano na kijani. Alizikuta kwenye mitumba, katikati ya makoti. Zilikuwa ndogo, nzito, zenye ukingo mwembamba. Aliyemuuzia alidhani ni mifuniko ya sufuria ambazo zimebaki Ulaya. Mwalimu alikuwa mtu wa kusoma kila karatasi iliyopita mbele yake, hata ya kufungia sukari, na aliwahi kuona kwenye gazeti moja kuukuu picha ya watu wakirusha sahani kama hizo. Basi akatusukia matenga tisa ya mianzi kwa mikono yake, akayatundika kwenye miti kuzunguka uwanja wa shule. Unarusha, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena, mpaka iingie kwenye tenga. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi.

Tulipenda mchezo ule kupita kiasi. Mvua ya Tukuyu unaijua. Watu husema kwetu mwaka una miezi kumi na mitatu ya mvua. Tulicheza humohumo, matope magotini. Nyumbani bibi alinisubiri na ndizi za maharage juu ya mafiga na maneno yake yaleyale: "Ng'ombe hali mchezo." Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe mbiombio asubuhi ili jioni iwe yangu.

Sahani nyekundu ilichukuliwa na mto. Ya njano ilikanyagwa na lori la majani ya chai ikapasuka vipande viwili. Ikabaki ya kijani peke yake. Mwalimu akatuita akasema kwa sauti ya upole, "Hii ikipotea, mchezo umekwisha. Sitapata nyingine." Akanikabidhi mimi, msichana, niitunze, kwa kuwa nilikuwa narusha vizuri kuliko wote. Wavulana hawakupenda. Na Jumamosi ile watoto wa shule ya Makandana walikuwa waje kushindana nasi.

Alhamisi, mchana wa ukungu mwepesi, nilisimama kwenye tenga la nane nikarusha kwa nguvu zangu zote. Upepo wa mlimani ukaipokea. Ilipita juu ya tenga la tisa, ikapita mkaratusi, ikazama katika shamba la chai la jirani yetu. Sahani ya kijani, ndani ya chai.

Jirani yule tulimwogopa. Alikuwa mama mjane aliyeishi peke yake, mwembamba, asiye na maneno mengi, na chai yake ilikuwa imekatwa sawa kama meza. Alituonya mara nyingi tusiikanyage. Siku ile woga haukutuzuia. Wavulana walivamia mistari ya mwanzo, wakapangua matawi na kuvunja machipukizi.

"Haikuanguka hapa," niliwaambia. "Imevuka mkaratusi."

"Wewe?" kiranja wetu akacheka. "Hata mwalimu hafikishi huko. Tafuta hapa, usitupotezee muda."

Tulitafuta mpaka vidole vikafa ganzi. Ghafla tukamwona jirani amesimama juu yetu, kikapu cha kuchumia kikiwa mgongoni. Wenzangu wote walitimua mbio. Mimi nilibaki. Nilimwamkia, shikamoo yenyewe ikatoka na kilio.

Aliinama akaokota chipukizi lililovunjika, akalitazama, akaliweka kwenye kikapu. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyakyusa, "Mnatafuta nini, mwanangu, mpaka mniulie chai yangu hivi?"

Nikamweleza yote. Nilimwambia ya mwalimu, ya Makandana, na kwamba wenzangu hawaamini sahani imefika mbali.

"Wewe uliiona ikipita wapi?"

"Juu ya mkaratusi, mama. Kulia kidogo."

Alitazama mkaratusi, akatazama tenga la nane kule juu, akanitazama mikono. Nilingoja acheke.

"Basi ilipita huko," akasema. "Aliyerusha ndiye aliyeona."

Nikataka kukimbilia upande ule, akanishika bega. "Acha. Leo ukiingia utayaumiza majani mengine, hutajua lipi ni lipi. Jani la chai likiumizwa halinyamazi. Nenda kalale. Kesho jua likichomoza, njoo."

Sikumwelewa, na sikulala vizuri. Bibi aliponisikia nikijigeuzageuza alisema tu kwamba yule mama akisema njoo kesho, basi kesho kuna jambo.

Asubuhi nilimkuta amekwisha funga kanga yake kiunoni, ananingoja. Mwalimu naye alikuwepo, kwa kuwa habari zilimfikia, na nyuma yake wavulana, vichwa chini. Jirani akatupanga mstari mmoja, akatuonyesha njia nyembamba wanazopita wachumaji, mguu mbele ya mguu. "Msiguse kitu," alisema. "Tazameni rangi."

Palikuwa na kijani kitupu, kimelowa umande, mpaka macho yakachoka. Tulivuka mkaratusi. Tukaenda hatua kama thelathini zaidi. Yeye alitembea polepole, kiganja kikielea juu ya chai bila kuigusa, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala. Halafu akasimama.

"Mwe bana," akatuita, yaani enyi watoto. "Njooni muone."

Juu ya meza ile ya kijani palikuwa na mstari mwembamba mwekundu, wa kahawia kwa mbali, urefu wa mkono mmoja. Majani yaliyokatwa na ukingo wa sahani yalikuwa yamebadilika rangi usiku kucha, kama yanavyobadilika yakiminywa kikapuni. Kwa miaka yote aliyochuma alikuwa akijihadhari na wekundu ule, kwa sababu jani la namna hiyo kiwandani hulikataa. Siku ile aliutafuta kwa ajili yetu. Akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho wake, akaingiza mkono chini katikati ya matawi, akatoa sahani.

Hakumpa mwalimu. Hakumpa kiranja. Alinipa mimi, akasema mbele ya wote, "Una mkono, wewe."

Nilimshukuru kwa lugha ya nyumbani, ndaga fijo. Mwalimu alivua kofia, akamwambia, "Mama, nimefundisha miaka kumi na mitano. Leo nimefundishwa." Wavulana walirudi baada ya vipindi, bila kuambiwa na mtu, wakaokota machipukizi yote waliyovunja na kumpalilia mistari minne.

Jumamosi Makandana walitushinda kwa mirusho miwili. Jirani alikuja kutazama, mara ya kwanza kumwona uwanjani. Tulipomaliza nikamwomba arushe. Alikataa, akakubali, akarusha. Sahani ikageuka hewani ikaingia migombani nyuma yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua kama ana mwanya.

Mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa, nasi tukamaliza shule. Matenga yaliozea mitini. Jirani alifariki nikiwa masomoni mbali, sikuwahi msiba, na jambo hilo bado linaniuma.

Nilikwenda Kawetele mwaka huu. Chai yake imeng'olewa yote, sasa ni miparachichi, mirefu, mizuri, imeuziba mlima usiuone kutoka shuleni. Watoto waliokuwa wakichota maji wakanisalimu. Nikawaeleza kwamba palepale waliposimama aliishi mama mmoja mwenye chai, ambaye aliijua jani kwa jani, na aliyemwamini mtoto kabla hajaona ushahidi. Walinisikiliza kwa adabu, ndoo zikiwa chini. Nilipomaliza, msichana mmoja mdogo aliitazama ile miparachichi, akanigeukia.

"Shangazi," akauliza, "hapa palikuwa na chai?"