Sindano, Kisu na Mtu wa Kuniuguza

Niliugundua uvimbe nikifunga kifungo cha juu cha blauzi, asubuhi kabla ya vipindi. Kilikuwa kitu kigumu kama kokwa ya zambarau, upande wa kulia wa koo, na nilipomeza mate kilipanda na kushuka. Nikameza tena ili nihakikishe. Nilimeza mpaka mate yakaniishia, nikachelewa darasani.

Nilikuwa mwalimu mpya Shinyanga, nimetoka chuo kikuu mwaka uleule, na kwetu ni Masasi, mwisho mwingine wa nchi. Miaka ile ya sabini mhitimu alipelekwa alikohitajika. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mkulima wa pamba. Jioni yeye na jirani zake walizungumza Kisukuma uani, wakicheka, nami ndani nikisahihisha madaftari na kujiuliza kama wananicheka mimi. Nilianza kufunga kitambaa shingoni. Joto la Shinyanga si la kufunga kitambaa.

Shule ilipofungwa nikapanda basi, nikapita Kagongwa na Kahama mpaka hospitali ya misheni upande wa Ushirombo, walikokuwa na daktari wa upasuaji. Alinipapasa shingo, akasema ni tezi, ina vinundu viwili, kimoja kikubwa. Afadhali vitolewe, maana kwa kugusa tu hawezi kujua kama ni vya hatari au la. Akaongeza kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita palepale, na mara chache huguswa na kisu. Mwalimu bila sauti! Nilikuwa bado nawaza hilo muuguzi aliponiuliza, "Mtu wako yuko wapi?"

"Mtu gani?"

"Wa kukuuguza, dada. Nani atakupikia uji? Nani atakufulia? Sisi tunatibu, hatupiki."

Nikasema nitarudi naye.

Sikurudi. Shinyanga kulikuwa na madaktari wa Kichina katika hospitali ya serikali, na kwao hukuhitaji mtu. Ulikwenda kwa miguu yako, ukachomwa sindano nyembamba kama unywele mikononi na shingoni, ukapewa mfuko wa mizizi na majani meusi ya baharini ya kuchemsha, ukarudi peke yako. Katika chumba cha walimu niliitetea tiba hiyo kama wakili: Wachina wanatibu mwili mzima, Wazungu wanakata kipande. Usiku nilipima faida na hasara hadi usingizi ukanipotea, na katika mizani yote hiyo sikuliweka swali la yule muuguzi.

Mama mwenye nyumba alinikuta jikoni.

"Mwalimu, unapika nini?"

"Dawa ya tumbo, mama."

Akachungulia sufuria, akaziba pua. "Haya si ndiyo wanayolalia samaki? Ndiyo maana dagaa wananuka."

Nilicheka, nikakaribia kumwambia ukweli. Nikafunika sufuria.

Miezi ikapita. Kinundu kidogo kililainika, au nilitaka kilainike. Kile kikubwa kikazidi, nikawa nasukuma ugali kwa maji. Siku moja daktari wa Kichina, mtu mzima mwenye mikono ya joto, aliweka vidole pale, akaviondoa, akavirudisha, kisha akakusanya sindano zake bila kunichoma hata moja. Alisema maneno marefu. Mkalimani akayafupisha: "Anasema dawa yake imefika mwisho. Hiki kinataka kisu, usingoje. Anauliza utakwenda na nani."

Nikachukua kitambaa changu, nikakifunga tena shingoni. Daktari alinitazama kidogo, akachukua mfuko wa majani niliokuwa nimeandaliwa siku hiyo, akaurudisha kabatini.

Nyumbani nilimkuta mama uani akichambua pamba, safi upande huu, fifi, ile yenye madoa, upande ule. Nilifungua kitambaa kabla sijabadili mawazo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yake yakabaki shingoni. "Nami nilidhani ni mitindo! Nikasema hawa watu wa kusini wana mambo, wanafunga shingo juani. Kumbe unaficha rovu! Niko mlango wa pili, mwanangu. Uliniona nimekufa?"

Nikamweleza juu ya kisu, na sauti, na mtu. Aliendelea kuchambua. Nikajuta kufungua mdomo.

"Pamba yangu nyingine bado iko shambani," akasema hatimaye. "Nikiiacha, ng'ombe za watu zitaingia."

"Naelewa, mama."

"Unaelewa nini? Sijamaliza. Kesho Jumamosi. Unajua kuchuma?"

Sikujua. Maganda makavu ya pamba yalinichana vidole. Nilichuma Jumamosi, Jumapili baada ya misa, na kila jioni baada ya vipindi, kitambaa nimekiacha nyumbani. Jirani waliitazama shingo yangu waziwazi, wakasema jambo kwa Kisukuma, wakacheka. Mmoja akanitafsiria: "Tunasema chuma haraka, mwalimu, hilo yai lisije likaanguliwa."

Walichuma wakiimba. Mimi sikuzijua nyimbo zao. "Imba zako," mama akaniambia, "kama unaogopa sauti itabaki huko." Nikaimba wimbo wa kutwanga wa bibi yangu, kwa Kimakua. Walisikiliza, hakuna aliyeelewa hata neno, kisha wakaendelea na nyimbo zao. Sijawahi kujiona mbali na kwetu kama saa ile. Na mstari wa juu wa wimbo ule sikuufikia tena maishani. Sauti niliyorudi nayo kutoka kwenye kisu ni nzito, ingawa darasa inalitosha.

Pamba ikaisha, nikaomba ruhusa shuleni, tukapanda basi. Muuguzi aliyetupokea alikuwa yuleyule. Alifungua mdomo aulize, akaona sufuria kichwani kwa mama na mkeka kwapani.

"Mtu wake ni mimi," mama akasema. "Jiko liko wapi?"