Pambano la Radi na Ukungu, Kama Alivyolisikia Fundi Vidole

Ninayetaka mumjue ni fundi wa makochi. Jina analo, ila karakana nzima inamwita Vidole, na hata mkewe humwita hivyo akiwa na furaha. Akimwita "mume wangu", ujue mambo si shwari.

Macho yalianza kumponyoka akiwa na miaka arobaini. Mwaka wa kwanza aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na mwaka wa pili tundu lenyewe likazibwa. Watu wakasema basi, kazi imekwisha. Kumbe kochi halitaki kutazamwa, linataka kukaliwa. Vidole alijifunza upya kila kitu kwa kugusa. Alibonyeza sponji kwa viganja akajua lilipolegea, misumari midogo aliishika kwa midomo na kuichomoa mmoja mmoja, na alipomaliza kiti alikaa juu yake akajitikisa mara tatu. Kikilia, anakifumua.

Kilichomshinda ni rangi tu, na uso wa kitambaa. Hapo ndipo alipoingia mkewe, ambaye alishona vitambaa vya makochi nyumbani na kuvileta karakana. Alimwekea mumewe mkono juu ya kitambaa akasema, "Hiki kijani. Maua yanatazama huku." Kwa miaka kumi na moja alisema hivyo, na hakuna kochi lililowahi kutoka na maua yaliyosimama kichwa chini.

Sasa, msinicheke nikisema watu wazima hawa wawili walikuwa wagonjwa wa katuni. Mjukuu alikuja likizo akawaambukiza, kisha akaondoka zake. Kila Jumamosi saa kumi jioni walikaa mbele ya televisheni kutazama Walinzi wa Daraja, yeye akisikiliza na mkewe akimsimulia yasiyosikika. Ni habari ya vijana wawili waliolelewa na mwalimu mmoja, Radi na msichana aitwaye Ukungu. Mwalimu alipoondoka aliacha taa moja ya kulinda daraja, na kila mmoja akaamini kwamba aliachiwa yeye.

Vidole alikuwa mtu wa Radi. "Radi nikimsikia najua yuko wapi," alisema. "Huyo Ukungu anatembea kama paka aliyeiba."

Karakana nayo iligawanyika. Seremala waliyemwita Randa alikuwa upande wa Ukungu, na hakukubali mzaha. Msasa, mama aliyelainisha mbao na kuzipaka vanishi, alisema anawapenda wote wawili, na kwa hilo alitukanwa na pande zote. Ilipotangazwa kwamba Jumamosi hiyo mahasimu watakutana darajani, kazi ilikwenda kwa mdomo zaidi kuliko kwa nyundo.

"Radi wako atarudi kwao kwa machela!" alisema Randa.

"Tayarisha leso, mwanangu," alijibu Vidole. "Msasa atakuonyesha pa kulilia."

Jumamosi ikafika. Vidole alisikia mbao za daraja zikilia, fimbo zikigongana, Radi akiunguruma. Mkewe alikimbizana na picha: "Kamkwepa! Kapanda ukingo! Sasa wote wawili wameing'ang'ania taa." Mara kioo kikapasuka. Kisha kimya, bila muziki, bila sauti ya mtu.

Vidole akainama mbele. "Nini? Nani kaanguka?"

Mkewe akasogea ukingoni mwa kochi.

"Niambie basi, mwanamke, utaniua!"

"Radi," alisema mkewe. "Radi kashinda. Ukungu kapiga magoti."

Vidole alipiga makofi hadi viganja vikawaka. Lakini kupitia dirishani hakusikia vigelegele. Kutoka nyumba za jirani, huku na huku, zilikuja sauti kama za msibani. "Jamani, hapana!" alisema mtu. Mtoto akaanza kulia.

"Mbona wanalia?"

"Ni watu wa Ukungu hao," alisema mkewe, akainuka kwenda kuanua nguo ambazo alikuwa ameshazianua.

Jumatatu Vidole aliingia karakana kifua mbele. "Randa! Machela uliyoniahidi iko wapi? Mpelekee huyo aliyepiga magoti!"

"Nani kapiga magoti?" Randa alicheka. "Umetazama katuni ipi wewe? Radi ndiye..."

Msasa akakohoa. Alikuwa akisugua mlango wa kabati, na ule mkwaruzo ukakatika.

"Radi ndiye nini?" aliuliza Vidole.

"Ah, tuyaache," alisema Randa. "Ni katuni tu."

Vidole akaganda. Randa huyu aliwahi kususa chai kwa sababu mtu alisema Ukungu ana miguu mifupi. Randa wa kusema ni katuni tu?

Akaketi kwenye kigoda chake. Mapajani alikuwa na kitambaa alichokabidhiwa asubuhi: kijani, maua yanatazama huku. Akakipapasa. Kama Ukungu hakupiga magoti, basi mkewe alitazama kitu kimoja akasema kingine. Na kama aliweza kwa hilo, je, kwa haya? Fikra ikishapata mlango haibishi hodi. Alijizuia mpaka adhuhuri, kisha akaita.

"Msasa, dada yangu, hebu niambie. Hiki rangi gani?"

"Kijani. Kwani mkeo hajakuambia?"

"Kaniambia."

Msasa akasogea karibu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Vidole. Mkeo alikuwa amesimama mlangoni. Kaweka foronya hapo chini, kaondoka."

Jioni ile nyumbani, sahani ziliwekwa mezani.

"Mume wangu," alisema mkewe hatimaye. "Umemuuliza Msasa rangi."

"Nimemuuliza."

"Miaka kumi na moja."

"Na wewe uliniambia Ukungu kapiga magoti."

Kiti kikaburuzwa, mkewe akakaa. "Ile taa ilimpasukia Radi usoni," alisema. "Amepofuka. Sasa ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Usinitanie! Ulikuwa umeinama pale kama mtoto anayengoja zawadi. Neno lilifika hapa, ulimi ukakataa."

"Mke wangu, ulidhani nimesahau kwamba sioni? Kwamba ukilitaja nitashtuka, nipeleke mkono machoni, nikute kweli?"

Mkewe alicheka huku analia, mambo ambayo hayapaswi kufanywa pamoja, yakampalia. Vidole alimgonga mgongoni mpaka akatulia. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Kuna mengine?"

"Mvi," alisema mkewe.

"Mvi zimefanya nini?"

"Nilikuambia ni chache, za pembeni tu. Kichwa chote kimekuwa pamba. Mwaka wa nne huu."

"Ukaniacha niwatanie wenzangu kwa uzee wao?"

"Walikuwa wanafurahi sana."

Vidole alipitisha mkono kichwani, kana kwamba weupe hugusika. Hakucheka. "Nikigusa kitu, najua," alisema. "Nisipoweza kukigusa, najua kwa mdomo wako. Ukianza kunichagulia cha kujua, unanizimia taa mara ya pili. Na mara hii ni wewe, si ugonjwa."

Mkewe akaanza kukusanya sahani. Alisema tu, "Kipindi kinarudiwa Jumatano."

Jumatano saa kumi walikaa. Kioo kilipopasuka na kimya kikaingia, mkewe alimshika goti akasimulia bila kuruka kitu.

"Radi kashika uso. Damu kidogo. Ukungu kainua fimbo, angeweza kummaliza. Hapigi. Anaishusha. Sasa anamnyooshea ncha ya fimbo, aishike amvushe. Radi kaigusa. Anaisukuma mbali. Anapapasa mbao, anakaa chini."

"Anapapasa kwa kiganja au kwa mgongo wa mkono?"

"Kiganja."

"Wamekosea. Pale pana vioo. Unatanguliza mgongo wa mkono, ukikatwa usikatwe pa kufanyia kazi. Lakini yeye ni mgeni wa mambo haya, tumsamehe."

"Watu wanagombana mtaa mzima," alisema mkewe. "Wengine wanasema Ukungu kamhurumia, Radi ana kiburi. Wengine wanasema kamdhihaki."

"Fimbo ameishikia wapi?"

"Mbele ya uso wa Radi."

"Basi si kiburi wala dhihaka," alisema Vidole. "Ukungu hajui tu kumwongoza asiyeona. Na wewe siku za mwanzo ulinivuta mkono kama unashusha gunia."

"Nilikuvuta?"

"Mpaka kwenye nguzo ya umeme."

Alhamisi alimfumba Randa macho kwa kipande cha kitambaa, akamshikisha ncha ya ubao na kumwambia Msasa amvute. Hatua ya nne Randa alikuwa amekumbatia kabati lenye vanishi mbichi.

"Sasa weka mkono begani mwangu," alisema Vidole, "mimi nitangulie nusu hatua." Wakapita katikati ya meza, mbao na ndoo za gundi, asiyeona akimwongoza aliyefumbwa, mpaka mlangoni na kurudi.

Randa alifungua macho, shati limenata. Hakuwa na utani. "Kwa hiyo Ukungu alipaswa kumpa bega."

"Amgeuzie mgongo, adui yake," alisema Vidole. "Hapo ndipo penye kazi."

Randa akaanza kubandua shati kifuani.

"Haya," alisema Msasa, "tuambie basi. Pambano lile nani kashinda?"

"Sijui," alisema Vidole, akichukua nyundo. "Ngoja Jumamosi. Mke wangu atatazama, aniambie."