Benjo na Bilauri

Mwezi uliopita, mimi mtu wa kochi ambaye hata safari ya dukani huiahirisha, nilipanda ndege hadi Dar es Salaam, mji wa wazazi wangu. Mgahawani nikaomba bilauri ya maji. Kijana mhudumu akanitazama, akatabasamu. "Shikamoo bibi. Siku hizi tunasema glasi." Ndugu yangu, sijafika hata arobaini. Nilitaka kununa, nikamkumbuka jirani yetu wa Silver Spring, huko ughaibuni nilikokulia, miaka ya tisini ikielekea ukingoni.

Alikuwa mama mtu mzima, Mjapani wa damu, mzaliwa wa Brazili. Mlango wake ulitazamana na wetu, na ugomvi wake na mama ulikuwa juu ya wali. Wake ulishikamana, mama aliuita bokoboko. Wa mama ulichambuka punje punje. Yeye aliuita chakula cha kuku. Lakini jioni sahani zilivuka korido zimejaa, zikarudi tupu.

Mwaka mmoja akagawa viti vyake, akaenda kuishi Japani kwa binamu zake. Kabla baridi haijaisha alikuwa amerudi. Mama alimpikia chai ya tangawizi, naye akasimulia. Mezani, mbele ya wageni, aliuliza benjo iko wapi. Ndivyo mama yake alivyomfundisha kuomba kwenda msalani. Kumbe kule neno lilishachakaa, likawa la aibu. Watu wakaziba midomo.

"Brazili mimi Mjapani, Japani mimi Mbrazili," alisema. "Humu kwenye lifti, Mchina."

"Basi kaa nasi, dada. Nikufundishe kupika wali."

"Nitarudi. Maneno yao mapya nitayajua yote. La mama yangu silitupi."

Majira yote ya machipuko alirudia kanda za kaseti za Kijapani cha kisasa, nami nikazisikia kutoka ng'ambo ya korido, nikajifunza bila kuinuka kochini. Elimu niipendayo hadi leo. Kiangazi akaondoka. Baadaye ikaja picha: nyumba yake ndogo Japani, na mlango wa msalani wenye kibao alichokiandika kwa mkono. Benjo. Mama aliicheka mpaka akakaa chini.

Jengo lile limebomolewa. Mama hayupo, na wali wangu ukishikamana hakuna wa kunisuta.

Nikamwita yule kijana. "Mjukuu wangu, glasi nimeielewa. Sasa niletee bilauri."

Akacheka, akaileta. Nikaagiza na ya pili.