Haidrojeni Tatu za Asidi ya Kutu

Nilikuwa naosha vyombo vya maabara katika kiwanda cha mabati, hatua chache kutoka Kariakoo. Kila asubuhi asidi ya kutolea kutu ilipimwa kabla mabati hayajatumbukizwa. Siku moja mpimaji aliugua. Mkemia wetu, mama wa Kihindu, akaniita.

"Ndugu, umetuangalia miaka miwili. Leo pima wewe."

Nikatia asidi kwenye chupa, nikaongeza dawa ya rangi iliyoigeuza nyekundu, kisha nikadondosha kostiki, magadi makali yanayoua asidi, tone kwa tone hadi wekundu ukawa njano. Nikasoma kipimo cha kostiki iliyotumika: mililita kumi na mbili. Daftari la mpimaji lilionyesha ishirini na nne, siku zote.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia. Kumi na mbili tena. Msimamizi wa mabati, aliyekuwa anasubiri mlangoni, akaguna. "Muosha chupa atajulia wapi mambo haya?"

Machozi yalinilenga. Lakini chupa za mpimaji nilizijua vizuri kuliko mtu yeyote. Mabaki niliyosuuza kila siku yalikuwa ya waridi, si ya njano. Basi yeye hutumia dawa nyingine! Nikaitafuta kabatini, nikatia matone mawili kwenye chupa ileile, nikaendelea kudondosha kostiki. Kipimo kilipofika ishirini na nne, maji yakashika rangi ya waridi.

"Mama, njoo uone!"

Alikuja, akatabasamu, akavuta kiti. "Asidi hii ina haidrojeni tatu," alisema. "Ndani ya maji haziachii kwa pamoja. Ya kwanza huachia kwa urahisi. Ikiondoka, kinachobaki kina chaji hasi inayovuta haidrojeni, kwa hiyo kinaishika ya pili kwa nguvu zaidi. Ya tatu ndiyo ngumu kabisa, hata dawa zetu hizi haziioni. Dawa yako ya kwanza imeonyesha mwisho wa haidrojeni moja. Hii imeonyesha mwisho wa mbili."

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea hata kidogo."

Akamgeukia msimamizi. "Asidi iko sawa. Tumbukiza mabati."

Nilirudi nyumbani Mtaa wa Swahili nikitembea kama niliyeota mabawa. Wiki iliyofuata mama aliniandikia barua ya kujiunga na masomo ya jioni ya kemia. Mpimaji alipopona, yeye mwenyewe alinisogezea kiti, akanifundisha kusoma mizani. Nilikaa kwenye meza ile ya kupimia miaka kumi na minne.